Safari ya Strasbourg, Bila Mimi

Jumapili, 4 Juni 2006. Small Heath, Uingereza. Nje kuna jua, majirani wamekaa mlangoni, mimi nimefunga pazia.

Neema, binti yangu wa miaka kumi na minne, amerudi jana kutoka Strasbourg. Safari ya shule. Ilikuwa niende naye.

Mwalimu wake wa historia ndiye aliyeniomba nisindikize watoto, kwa sababu ninajua Kifaransa. Nilifurahi kupita kiasi. Kule kwetu Goma nilifundisha historia miaka tisa. Hapa ninasugua sakafu za hospitali. Kila siku ya mapumziko nikaenda maktaba, nikajaza daftari zima. Mji ule ulikuwa wa Ufaransa, Wajerumani wakauchukua 1871. Mwaka 1918 ukarudi kwa Wafaransa, 1940 kwa Wajerumani, 1944 kwa Wafaransa tena. Bibi mmoja angeweza kubadilishiwa nchi mara nne bila kuhamisha sufuria yake jikoni. Kila aliyeingia alibadilisha majina ya mitaa, akawakataza watoto lugha ya aliyetoka.

Basi likaondoka Jumatano. Viza yangu ilikuwa bado haijatoka, nikampa Neema daftari ampe mwalimu. Watoto walisafiri kwa orodha ya shule; mimi nasafiria kitabu cha mkimbizi, nacho kinadai viza.

Jana nilimwacha Neema ale kwanza. Kisha nikamuuliza nani aliwaeleza habari za mji.

“Sir wa historia. Alisoma daftari lako, mbele ya kanisa kubwa.”

“Alisema ni la nani?”

“Alisema la mzazi mmoja.”

“Na wewe?”

“Nilinyamaza, Mama.”

Hakuniangalia. Akaendelea kusimulia kwamba walivuka mto Rhine kwa miguu, juu ya daraja, wakala aiskrimu Ujerumani, wakarudi. Nikauliza nani aliwakagua. Akashangaa.

“Hakuna mtu. Hata sikujua tumeshavuka.”

Watu waliuana kwa ajili ya mto ule.

Hapo nikasema neno ambalo mama hasemi. Nikamwambia kama ananionea haya, angebaki hukohuko. Akainuka mezani, akapanda chumbani. Leo amekwenda kanisani na jirani, hakuniaga.

Nakiri hapa, kwa kuwa sina pengine pa kukiri: sikukasirika kwa sababu ya daftari. Nilimwonea wivu mtoto wangu.

Jana, kabla ya kupanda ngazi, aliniuliza, kwa Kiswahili, naye siku hizi hunijibu kwa Kiingereza tu: “Mbona unajua yote ya Strasbourg, na ya Goma huniambii?”

Goma nayo iko mpakani. Ukitembea kidogo uko Rwanda. Nilivuka pale nimembeba mgongoni, na wapo niliowaacha nyuma. Miaka yote hii sijamwandikia hata ukurasa mmoja.

Nimechukua daftari jipya. Nimeandika jina la mtaa wetu wa Goma, na jina la baba yake Neema, mmoja wa wale niliowaacha. Kalamu imesimama hapo.