Namba Tatu Ametolewa

Shambani, Iowa
2 Septemba 1957

Mama yangu mpenzi,

Kwanza nisamehe. Najua ni miezi minne na ushee tangu nikuandikie, na kila ukienda posta unarudi mikono mitupu, na Dada Corinne anakuambia nimekusahau. Sijakusahau. Jumapili nyingi nimekaa na kalamu, nikaandika "Mama yangu mpenzi", nikaishia hapo hapo. Sababu ipo na nitaieleza humu humu, ila nakuomba usome kwa mpangilio, usirukie mwisho kama unavyofanya na magazeti.

U hali gani? Kile kifua kimekuachia? Bado unapanda ngazi na kapu la nguo wakati Corinne yupo na ana miguu miwili? Huku sisi wazima. Merle mzima isipokuwa mgongo. Twyla ametimiza miaka mitano na amejing'oa jino la mbele kwa mkono wake. Mama mkwe wangu Hulda mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Mimi nimechoka tu, ule uchovu wa kusinzia nikiwa nimesimama. Nakuandikia mchana watoto wamelala, na jikoni nyanya za kuweka akiba zinachemka kwenye chupa, kwa hiyo ukiona mwandiko umekatika ujue nimekimbilia moto.

Swali lako la kwanza nalijua, ni Orrin na miguu yake. Tangu daktari atuambie kwamba nyonga yake ya kushoto haikukaa mahali pake toka kuzaliwa, hujawahi kuniandikia bila kuuliza. Barua yako ya Februari ninayo kwenye droo. Uliandika kwamba ikifika Pasaka mtoto hajatembea, nimlete kwako Oregon kwa daktari wako, na Merle abaki na ng'ombe wake. Basi miguu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu leo. Lakini lazima nianze na maonyesho ya jimbo, kwa sababu huko ndiko mambo yalikotokea.

Tulikwenda Jumatano, wote watano. Hulda alikaa mbele na sanduku la kuku wa kukaanga mapajani, akitutangazia njia nzima kwamba chakula cha maonyesho ni cha watu wasio na jiko. Kufika saa sita mchana alikuwa amekula mahindi mawili yanayochuruzika siagi na soseji tatu za kijiti, zile zinazovikwa unga zikakaangwa. Merle alipomuuliza kuku je, akamjibu kwamba kuku hakimbii, amekufa.

Twyla tulimpeleka kwanza kwa yule ng'ombe wa siagi, sanamu wanayoichonga kila mwaka kwa siagi tupu. Alimtazama kupitia kioo kwa muda mrefu, halafu akamuuliza mlinzi, huyu akikamuliwa kinatoka nini. Mlinzi akamjibu kwamba anatoa aiskrimu. Mwanangu akashika kiuno, akamwambia hiyo si kweli, baba yake ana ng'ombe thelathini na hakuna hata mmoja anayetoa aiskrimu, na mtu mzima hapaswi kusema uongo akiwa kazini. Merle alitazama dari. Mimi nilimvuta mkono tukaondoka, kwa sababu hilo neno la mtu mzima na uongo lilinigusa mahali, kama utakavyoona.

Tukaenda kwa yule nguruwe dume aliyeshinda kwa uzito mwaka huu. Mama, ni mkubwa kuliko kitanda chetu. Alikuwa amelala chali, hatingishi hata sikio. Mwenye nguruwe akatuambia yuko hivyo hivyo tangu Ijumaa, kazi yake ni kula na kugeuzwa. Hulda akasema kwa sauti ya kanisani kwamba amemkumbuka marehemu mumewe siku za mapumziko, na watu wa banda zima wakacheka, mwenye nguruwe akacheka zaidi. Baadaye Merle akampandisha Twyla kwenye lile gurudumu kubwa linalozungusha watu angani. Twyla alishuka anaomba arudie. Merle alishuka ana rangi ya tango, akakaa juu ya robota la nyasi kavu, akasema yeye ni mtu wa ardhini.

Muda wote huo Orrin alikuwa akihama kutoka mabegani kwa Merle kuja kiunoni kwangu. Ana mwaka mmoja na nusu sasa, na ni mzito, bega langu linaweza kutoa ushahidi. Baada ya chakula tulipita karibu na hema moja lenye kipaza sauti, na mtu wa kofia ya majani akawa anaita majina. Nikasikia jina la mwanangu. Nikamgeukia Merle, Merle akamgeukia mama yake. Kumbe Hulda alimwandikisha asubuhi alipotuambia anakwenda msalani. Yalikuwa mashindano ya watoto wanaotambaa, na zawadi yake kiti kirefu cha kulia mtoto.

Nilitaka kumtafuna. Akanitazama usoni akaniambia, "Lorna mwanangu, wenzake wa rika lake wanakimbia. Yeye anatambaa kuliko mtoto yeyote jimbo hili, amepata mazoezi mwaka mzima. Basi angalau tupate kiti."

Sasa najua umesimama, Mama. Unasema, mashindano ya kutambaa? Si uliniandikia wakati wa Pasaka kwamba anatembea, anazunguka meza ya jikoni na mara nyingine hashiki kitu?

Niliandika. Ulikuwa uongo. Siku ile nilipoandika, Orrin alikuwa sakafuni mbele yangu na vile vyuma vya daktari, nyonga hadi magotini, ngozi na mikanda, akijiburuta kwa viwiko. Vyuma vilitolewa Juni, si Machi kama nilivyokuambia. Na tangu Juni alitambaa tu. Daktari alisema huenda atatembea vuli, huenda mwakani, na hakutaka kusema zaidi. Kila nilipotaka kukuandikia niliona itanibidi niongeze uongo mwingine juu ya ule, na sikuweza, kwa hiyo nikanyamaza. Hiyo ndiyo sababu.

(Nilikwenda kutazama nyanya. Chupa moja imepasuka. Naendelea.)

Basi tukaingia hemani. Walikuwa wametandika mazulia sita marefu, na kati ya zulia na zulia wameweka ubao mwembamba wa kufika kifuani kwa mtoto, ili wasivamiane. Baba anakaa na mtoto upande huu, mama upande wa pili anaita. Sheria ilikuwa moja, mtu wa kofia akaisoma mara mbili: ni kutambaa tu, mtoto akisimama akatembea ametolewa. Sisi tukapewa namba tatu. Mama mmoja wa namba nne, mwenye kitoto cha miezi minane, akamtazama Orrin juu hadi chini, akaniuliza kama huyu wangu amenyoa ndevu kabla ya kuja. Nikamwambia alikuwa na haraka, hakuwahi. Nilicheka, lakini Mama, uso wangu uliwaka moto.

Wenzangu walitingisha njuga na wanasesere. Mimi nilikuwa na kipande cha soseji ya Merle. Filimbi ikalia, Merle akamwachia, na mjukuu wako alitoka kama panya. Hulda hakukosea, hakuna aliyemkaribia. Namba nne alikaa akalia, namba moja akarudi kwa baba yake. Orrin alifika katikati ya zulia, Hulda huku nyuma akipiga kelele kwamba kiti ni chetu, halafu Orrin akasimamisha mchezo. Akautazama ule ubao. Akaushika kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama.

Watu wote wakaanza kupiga kelele, "Kaa chini! Kaa chini, mtoto, unashinda!" Na Merle naye, Mungu amsaidie, akapiga kelele, "Kaa chini, Orrin!" Kisha nikamwona anajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Mimi niliiangusha ile soseji nikafungua mikono.

Akauachia ubao. Akaja. Hatua nne, Mama, nilizihesabu, ya tano akaanguka kifudifudi juu ya magoti yangu.

Kipaza sauti kikasema, "Namba tatu ametolewa. Namba tatu anatembea." Nikamwendea yule mtu wa kofia na mtoto mkononi, nikamwomba arudie. Akadhani nabishana naye, akaniambia kwa upole kwamba sheria ni sheria, mama, mtoto wako ametolewa kwa sababu anatembea. Nikamwomba arudie tena. Hapo Merle alikuwa amefika, na anavyolia Merle unamjua, mabega tu. Mtu wa kofia akatutazama sote, akavua kofia, akakisogelea kipaza sauti akarudia taratibu, neno kwa neno, hema lote likapiga makofi bila kujua kwa nini. Yule wa namba nne, alipomaliza kulia, ndiye aliyeshinda kiti, na Hulda alimpongeza, halafu akaenda nyuma ya hema akakaa peke yake na leso yake. Aliporudi alisema ni vumbi.

Jana alitembea hatua kumi na moja. Anachechemea kidogo upande wa kushoto, nakuambia ukweli wote sasa, na daktari amesema huenda kutabaki kidogo. Hiyo haitanizuia kulala.

Niliogopa, Mama. Niliogopa ungekuja na tiketi, nami kwa uchovu niliokuwa nao ningepanda treni. Uongo ule haukuwa halali na sitakufanyia tena. Lakini hata kama asingetembea hadi mwakani, nyumbani kwangu ni hapa, na Merle alimfunga na kumfungua vyuma vile kila siku ya Mungu kwa mikono yake. Kwa hiyo nauli usitume. Njoo mwenyewe wakati wa Krismasi, chumba kipo.

Twyla anakusalimu na anauliza kama kwenu jino linalipwa zaidi, maana hapa aliliweka chini ya mto akakuta senti kumi tu. Merle anakusalimu kwa heshima. Hulda anasema upone kifua na upake mafuta ya bata, mimi sijui. Msalimie Corinne.

Ninavyohitaji ni hivi: soksi za sufu za Orrin jozi mbili, ndefu. Mpira wa kufunikia chupa dazeni moja, wa saizi pana, huku umeisha madukani. Barua ya kunigombeza, ukurasa mmoja, usizidi. Na viatu vya mtoto, vya kamba, vinavyopanda juu ya kifundo, soli ngumu. Nimemsimamisha juu ya karatasi ya pili nikamchora nyayo zote mbili. Mstari umepinda kwa sababu hakukubali kutulia. Mpe fundi karatasi yenyewe, na kiatu cha kushoto mwambie aongeze soli unene wa kidole kidogo.

Binti yako,
Lorna