Kadi Moja Haimo Ukutani

Caudle's Fork, Kentucky
4 Novemba 1974

Dada yangu Oneida,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dayton, na wanao wote hawajambo. Mimi mzima, ila kifua hunisumbua baridi ikianza. Maharage najipikia mwenyewe, na yanaungua kama ulivyokuwa ukinitabiria.

Najua hukutarajia barua yangu. Tangu Baba azikwe, miaka sita sasa, hatujaandikiana hata neno. Nakuandikia kwa sababu nimekiuza kituo chake cha redio. Kuanzia Jumapili nyimbo zitaletwa zikiwa kwenye mikanda kutoka mjini, na hakuna mtu atakayekaa mbele ya maikrofoni. Mossie Fugate, jirani yetu yule mwenye ulimi, alipiga simu akaniuliza, "Estill, hiyo mikanda ya mjini itajua nani kafa huku kwetu?" Nikaweka santuri.

Unakumbuka tulivyoanza, chumba kimoja juu ya duka la chakula cha ng'ombe. Mama alitundika mablanketi yake ya viraka ukutani ili sauti isirudi, na Baba akaimba mwenyewe kwa gitaa kwa kuwa tulikuwa na santuri kumi na moja tu. Saa sita mchana alisoma matangazo ya mazishi. Jumamosi asubuhi alisoma kadi za walio mbali, watu wetu waliokwenda viwandani kaskazini, wakiwaombea mama zao wimbo. Kila kadi akishaisoma aliibandika ukutani, na ole wake aliyeibandua. Ukuta mzima sasa ni kadi. Migodi imefungwa, wazee wamekufa, na simu ya studio inaweza kukaa wiki bila kulia. Mimi huzungumza na ukuta ule zaidi kuliko ninavyozungumza na watu. Nina upweke, Dada, na sina mwingine wa kumwambia.

Kwa kuondoka kwako sikukulaumu. Nilikuwepo ulipomletea Baba santuri ya kwanza uliyoimba, akaikataa kwa sababu ndani yake mnapigwa ngoma. "Ngoma ikiingia mlangoni, mimi natokea dirishani," alisema. Ukamwambia abaki na dirisha lake, ukaondoka siku hiyohiyo.

Usilolijua ni hili. Kila Ijumaa alifungua mfuko wa barua, akaangalia majina yote akitafuta lako, kisha akaufunga. Mwaka mzima. Nikashindwa kuvumilia. Nikaandika kadi kwa mkono wa kushoto, nikaweka jina lako, nikampa dereva wa lori la makaa aiposte Dayton. Baba aliisoma hewani, akaibandika karibu na maikrofoni. Baada ya hiyo sikuweza kuacha. Niliandika ishirini na tatu.

Halafu ikaja ya kwako. Ya kweli. Ilikuwa Machi, Baba keshaanza kukohoa damu, na mimi ndiye niliyefungua mfuko. Uliandika: "Baba, nipigie wimbo wangu mara moja tu, uniandikie kwamba umeupiga, nami nitajua kwamba naweza kurudi." Niliishika kadi ile mbele ya ukuta. Mwandiko wako haukufanana hata kidogo na wa zile ishirini na tatu. Niliogopa atajua. Nikaitia kwenye droo ya sindano za santuri. Wiki tatu baadaye akafa akiamini mmepatana, na wewe ukaamini amekukataa tena. Ndiyo maana hukuja kumzika. Watu walikusema, nami nikawaacha waseme.

Sijui kama unaweza kunisamehe. Mimi mwenyewe bado sijajisamehe.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ndiyo mara yangu ya mwisho hewani. Nitaisoma kadi yako kama ulivyoiandika, kisha nitaeleza nilichofanya, ili Mossie na wote waliobaki wasikie. Halafu nitapiga santuri yako pamoja na ngoma zake. Baba hakuitupa, ilikuwa chini ya kiti chake. Mawimbi yetu hayafiki Dayton, unajua. Ukitaka kuisikia, itabidi uje.

Wasalimie wanao, uwaambie wana mjomba. Kitanda chako nimekitandika kwa blanketi la Mama.

Mimi ndugu yako,
Estill

Kadi yako sitaibandika mimi. Nafasi nimeiacha, karibu na maikrofoni.