Baba Mkwe Nisiyeruhusiwa Kumwona

Jumanne, 3 Juni 1947. Tunduma

Tumefika! Mifupa yote inauma. Siku tisa tangu Mombasa, gari moshi, basi, lori, na vumbi la Iringa bado limo masikioni. Nilidhani mpaka wa Rodeshia ni ukuta na askari wenye bunduki. Kumbe gogo tu, limelazwa juu ya mapipa mawili, na mbuzi wanapita watakavyo.

Baridi! Nani aliniambia Tanganyika ni joto? Gwakisa. Mume wangu huyu, aliyekuwa dereva wa jeshi, mwongo wa kutupwa. Ananicheka nilivyojifunga kanga tatu.

Tumekula kwa mama mmoja wa kabila la Wabemba, aliyevuka mpaka na chungu chake kichwani. Majani ya maboga kwa karanga — wenyewe wanaita ifisashi. Nikamwuliza mbona hatii nazi. Akamwuliza Gwakisa, nazi ndiyo nini? Mungu wangu! Nimekuja kuishi na watu wasiojua nazi. Lakini ile mboga nimeilamba mpaka vidole. Akanionyesha anavyofanya: karanga zinatwangwa, zinachemshwa polepole, usizikimbize, mpaka mafuta yaelee.

Mimba ina miezi mitatu. Ile ya kwanza, mwaka jana, ilitoka ikiwa na miezi minne. Kila lori lilipoingia shimoni nilishika tumbo kwa mikono miwili.

Ijumaa, 6 Juni. Ileje

Siku mbili kwa miguu, kupanda na kushuka, mpaka kwao Gwakisa. Niache niseme: pazuri. Migomba, mito ya maji baridi, ukungu asubuhi hadi saa nne. Mama mkwe, Mama Tusekile, alinishika mashavu akalia. Kiswahili chake maneno matano. Wifi yangu Roda amesoma misheni, ndiye mkalimani, na mdomo wake hauna breki.

Chakula: ugali wa ulezi, mwekundu, mzito, ukimeza unausikia ukishuka. Maharage. Mtindi kwenye kibuyu. Nimekula, nimeshiba, nimetapika.

Halafu balaa. Nilimwona mzee anakuja njiani na jembe begani. Nikajua ndiye baba mkwe, sura ya Gwakisa tupu. Nikapiga magoti nimwamkie vizuri, nisije nikaitwa mshenzi wa pwani. Mzee akaruka — akaingia kwenye mahindi! Mzee mzima! Nikasikia mabua yanavunjika.

Nililia. Nilisema hanitaki, nirudisheni kwetu. Gwakisa akajishika kichwa: ati alisahau kuniambia. Hapa mke hamwoni baba wa mumewe. Hasemi naye, hapiti naye njia moja, jina lake halitaji. Wakikutana ghafla mke ndiye anayekimbia. Mimi sikukimbia, ikabidi akimbie yeye, na magoti yake mabovu.

Alisahau! Mtu husahau kiberiti.

Jina lake ni Ambilikile. Humu naliandika. Nani atanisikia?

Jumapili, 8 Juni

Kanisani nilisubiri nje mpaka baba mkwe aketi, ndipo nikaingizwa nyuma kabisa na wake wengine wa wana. Tumekaa sita, tunatazama migongo.

Mwinjilisti Enoka alihubiri kwamba Mkristo haogopi mambo ya giza. Nikamfuata baadaye, nikamwuliza juu ya hili la wakwe. Akasema hilo si giza, hilo ni heshima. Hajamaliza kusema, mke wa mwanawe akatokea na ndoo. Loo! Mwinjilisti na Biblia yake wakatokomea nyuma ya kanisa. Nilicheka mpaka Roda akanifinya.

Jumanne, 10 Juni

Gwakisa ameondoka asubuhi kwenda Saza kutafuta kazi ya lori kwenye mgodi wa dhahabu. Mwezi mmoja, labda miwili. Nimemwambia aende salama. Sikumwambia ninavyoogopa.

Wote wako kwenye mavuno ya ulezi. Mimi napika. Leo nimetia karanga kwenye maharage, kama yule mama wa Tunduma, polepole, bila kuzikimbiza. Chumvi hapa inatoka Ivuna, ya kijivu, ina udongo, nikaitia kwa mkono wa Mombasa. Chungu kizima kikawa bahari. Mama mkwe alikula matonge matatu, akanawa. Roda alikunywa maji vibuyu viwili.

Ijumaa, 13 Juni

Maharage tena, chumvi nusu. Roda akapeleka sehemu ya baba yake kwenye nyumba ya juu. Bakuli likarudi tupu, limefutwa. Mzee ameuliza kama karanga zimebaki, kesho apelekewe tena.

Eti moyo ukafurahi! Mtu hata sijui macho yake yakoje. Kila siku sasa Roda analeta habari. Jana mzee alisema uji wangu mwepesi. Leo mwenyewe kaniletea ndizi mbivu, kaziacha kwenye jiwe kubwa, kapiga kikohozi, kaondoka. Nimesubiri hatua zipotee ndipo nikachukua. Baba yangu mzazi hakuwahi kuniletea hata chungwa.

Jioni nilimwuliza mama mkwe kinatokea nini nikionana na mzee uso kwa uso. Hakucheka. Roda akatafsiri akitazama chini: Leah, aliyeolewa nyumba ya pili, alimkanyaga baba mkwe wake gizani, wakagusana. Siku ya tatu mimba ikatoka. Wakamrudisha kwao.

Nikasema ni upuuzi. Mimi mtoto wa misheni! Halafu nikaingia ndani, nikajikagua mara mbili.

Jumanne, 17 Juni. Mchana, sijui saa

 Niandike, nisije nikapiga mayowe.

Wote wameenda shamba la ng'ambo ya mto. Mimi nimebaki kwa sababu ya kutapika. Mzee amebaki kuezeka kihenge, ghala la ulezi. Nilikuwa jikoni, mlango nimeufunga kama nilivyofundishwa. Nikasikia mti unakatika. Kishindo. Kisha kimya.

Niliita Roda. Niliita mama. Niliita majirani. Hakuna mtu, kijiji kizima kiko mavunoni. Nikajifunika kanga usoni, nikatoka kinyumenyume na kibuyu cha maji. Kinyumenyume! Nikajikwaa, maji yakamwagika yote.

Basi nikageuka.

Ameanguka kutoka juu ya kihenge, mguu umevunjika chini ya goti, mfupa umesukuma ngozi. Aliponiona akaanza kutambaa. Alitambaa! Anaburuza ule mguu, anakwenda kujificha nyuma ya kihenge. Kwa ajili yangu. Akapaza sauti, kwa Kiswahili: "Rudi nyuma! Mtoto! Utampoteza mtoto!"

Kumbe anakijua. Kiswahili cha amri, cha vita ya Mjerumani, alipokuwa mpagazi.

Sitadanganya humu. Nilisimama muda mrefu. Nilimfikiria Leah. Nilifikiria ile damu ya mwaka jana, na Gwakisa akifua mashuka. Mvua ile ya hapa, nyembamba, ikaanza, na ukungu ukashuka. Mzee kifua wazi, meno yanagongana. Mpaka watu warudi atakuwa amekufa.

Nikaleta ngozi ya ng'ombe. Nikamwambia, Baba, fumba macho wewe, mie yangu nayahitaji. Nikamvingirisha juu yake, nikamburuza mpaka jikoni penye moto. Nimefunga mguu kwa vijiti viwili na kanga yangu. Nilipouvuta alitoa sauti moja tu. Uji amekunywa kwa kijiko, macho ameyafumba kabisa, mdomo anaufungua kijiko kikimgusa.

Akaniuliza, tumbo je?

Nikasema salama. Linavuta. Tangu nilipovuta ile ngozi linavuta, upande wa chini. Labda ni uzito tu. Mungu wangu, iwe uzito tu.

Nikasema nikamwite mtu. Akakataa: nitoke, nikakae kwenye nyumba yetu ya nyuma, nisionekane. Yeye atasema alitambaa mwenyewe mpaka motoni. Nikamwuliza, na mguu? Atasema alijifunga mwenyewe. Kwa kanga yangu! Na uji alijipikia? Mzee huyu hata uongo hajui kuutunga.

Nasikia watu. Wanapanda kutoka mtoni, wanaimba. Kicheko cha Roda hicho. Mama mkwe anaita jina langu, Enesi, Enesi, mbona moto hautoi moshi. Kweli, yamebaki makaa tu.

Ameniambia tena nitoke. Upesi, anasema, upesi, mwanangu. Lakini mkono wangu wa kushoto ameushika, na hauachii.