Askari wa Mpini wa Ufagio

Baba,

Hali yangu ni njema, na juu yako sina hofu tena, maana la kukufika limeshakufika. Hofu ninayo juu ya mdogo wako. Wewe umelala zako, mimi umeniachia huyu.

Baba mdogo Seif alitua Guangzhou wiki ile ile tuliyokuzika, miwani ya jua imening'inia kwenye kola, na kabla hajanipa pole alishauliza funguo za duka lako ziko wapi. Nikampa shikamoo yake, nikampa na funguo. Kesho yake pale mtaani Dengfeng wauza simu walikuwa wanamwita "laobani", bosi kwa Kichina, na yeye anaitika kwa raha zake, mwenye duka ambalo hajawahi hata kulipiga deki.

Kisha akaziona sataranji zako.

Unakumbuka watu walivyokucheka. Mtu mzima, wakala wa mizigo, wenzako wanakimbilia nguo soko la Shisanhang, wewe unazunguka masoko ya vitu vikuukuu kutafuta sataranji za mbao za enzi za Usovieti, zile walizorudi nazo wazee wa Kichina waliosoma huko kama ulivyosoma wewe. Ulikuwa unazinusa kwanza ndipo uulize bei. Mama alisema kwenye simu kwamba umeoa kuni. Ukaniambia, "Mwambie kuni hizi haziniombi hela ya saluni." Ulicheka mpaka ukakohoa.

Baba mdogo hakucheka. Yeye alikuwa na bwana mmoja mkubwa, mnunuzi aliyekuja kwenye maonyesho ya Pazhou, na alitaka kumpa zawadi ya kumlainisha. Zawadi haiwezi kuwa chafu, akasema. Akazibeba seti zote isipokuwa moja, akazipeleka kwa fundi wa samani. Zikarudi zinang'aa kama sahani za plastiki. Msasa umekula mikunjo yote ya manyoya ya farasi, na vanishi imejaa mpaka machoni mwao. Hata harufu haikubaki.

Na ncha, Baba! Ulinifundisha nikiwa bado sifiki mezani kwamba kwenye seti zako mfalme mweupe ana ncha nyeusi kichwani, na mfalme mweusi ana ncha nyeupe, na kwamba Warusi walizitengeneza hivyo kwa makusudi. Wewe ulikuwa na maelezo yako. "Kila mmoja amevaa kidogo cha mwenzake," ulisema, "asije akajiona." Mdogo wako amezing'oa ncha zote akazibadilisha, nyeupe kwa nyeupe, nyeusi kwa nyeusi.

"Hao Warusi walichanganya," akaniambia kwa upole, kama ananifundisha kusoma. "Kiwanda kizima, mwanangu, hakuna hata mmoja aliyeona. Nimewasahihishia."

Amewasahihishia! Mtu ambaye mpaka leo anauliza farasi anakwenda vipi. Kumbe miaka yote hiyo kiwanda kilikuwa kinamsubiri Seif atoke kwetu Tandika aje kuwaonyesha kazi.

Ikabaki ile ya Odessa tu, uliyotoka nayo chuoni, ile uliyosema ni yangu. Ile yenye askari mweusi uliyemchonga mwenyewe kwa kisu kutoka kwenye mpini wa ufagio wa dukani, baada ya yule wa asili kupotea. Ulimpaka rangi ya viatu, na kwa unyevu wa mji huu rangi haikukauka kamwe. Kila tulipomaliza kucheza vidole vilikuwa vyeusi, nami vyangu nilivifutia kwenye shati lako.

Baba mdogo akalifungua sanduku la seti hiyo. "Hii ndiyo kongwe kuliko zote," akasema. "Kesho kwa fundi, keshokutwa kwa laobani wangu."

Ningemwomba ningejimaliza mwenyewe. Mtu wa aina ile ukimwomba kitu ndipo anapojua kina thamani. Basi nikacheka.

"Hiyo, Baba mdogo? Si takataka hiyo! Mwone askari huyu, mpini wa ufagio. Mzee mzima anakaa anachonga ufagio! Ukimpa laobani hii atasema ukoo mzima ni machizi."

Nikaendelea, Baba. Nikasema ulikuwa unatutia aibu. Nikabinua na mdomo, kama yeye anavyobinua. Sikuombi radhi, maana ungekuwepo ungenipigia makofi. Akaniamini, kwa sababu dharau ndiyo lugha pekee anayoielewa vizuri. Akamshika yule askari, akamtazama kitambo, nikadhani anamtafutia tusi.

"Basi katupe," akasema.

Nikalibeba sanduku mpaka bwenini chuoni kwangu. Yule bwana mkubwa akapewa seti inayong'aa, akaisukuma pembeni ya meza bila kuifungua, akauliza kontena litatoka lini. Ndiyo shukrani yake hiyo.

Lakini nilipozipanga kete, askari wa ufagio hakuwemo. Nikajua Seif amemtupa. Nilimtukana mdogo wako kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kichina, mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza nani amekufa tena.

Leo asubuhi nimemsindikiza uwanja wa ndege. Njia nzima mkono mmoja ulikuwa mfukoni, na mimi nanung'unika moyoni kwamba hata begi lake mwenyewe hawezi kunipokea, mimi mtoto wa kaka yake. Pale mlangoni nikamwambia safari njema, nikampa mkono. Akautoa wake mfukoni, akaubana wangu sana, akageuka akaingia ndani. Kwenye treni ya kurudi ndipo nilipoona kiganja changu kina weusi. Nikanusa. Ni rangi ya viatu.

Bado namdharau, usidhani. Zile seti alizoziua hazifufuki. Lakini sitampigia simu kumuuliza, wala sitachonga askari mwingine. Nafasi yake nitaiacha wazi kila nitakapocheza. Na nakuahidi, mfalme wetu mweusi atazeeka na ncha yake nyeupe, hakuna fundi atakayemgusa nikiwa hai.

Pumzika, Baba. Adhuhuri inakaribia, na mkono bado sijaunawa.

Mwanao,
Zainabu