Mmea wa Mama kwenye Uzio wa Kikuyu

Morogoro
3 Desemba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti hayakusumbui sana na mvua imeanza huko. Sisi wazima. Iddy amepona malaria na amerudi kazini. Mimi bado niko zamu za mchana pale hospitali. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, na mimi nachoka kupaza sauti.

Ukuta wa nyumba yetu umekamilika. Naomba vipande vya mmea wa mama, ule unaopanda kwenye uzio upande wa jikoni, aliouita hanisakoli. Vitu vyake vingine shangazi waligawana siku ya kuanua matanga, na sikudai hata kanga. Ule mmea ndio pekee alioupanda kwa mkono wake na bado unaishi. Kata shina la mwaka huu, kila kipande kiwe na vifundo vitatu, uvifunge kwenye kitambaa chenye maji, umkabidhi kondakta wa basi.

Mwanao,
Devota


Kikuyu, Dodoma
19 Desemba 2023

Mwanangu Devota,

Marahaba. Magoti ni yaleyale. Mvua imenyesha mara mbili tu. Msalimie mkwe wangu.

Badala ya vipande nakutumia miche minne ambayo tayari ina mizizi. Chimba shimo la futi moja na nusu, changanya udongo na samadi iliyooza, funga waya ukutani ipate pa kushika. Mizizi ikae kivulini, kichwa kipate jua. Nimelea zabibu Makutupora miaka thelathini na moja, kwa hiyo fuata ninachosema.

Baba yako


Morogoro
24 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na wewe natumaini hivyohivyo.

Miche yako imechanua wiki iliyopita. Niliilea miezi kumi na moja. Mwezi wa tisa bomba lilikauka, nikabeba ndoo kutoka kwa jirani kila jioni baada ya zamu, mgongo unauma, kwa sababu nilijua ninamwagilia mmea wa mama.

Sio wa mama. Hanisakoli huchanua mawili mawili, kila jani na pacha wake, kila ua na pacha wake. Hufunguka jeupe, siku ya pili hugeuka manjano. Shina kuukuu hubanduka ganda kama karatasi, na ukilivunja ndani ni tupu. Nilikuwa nalivunja utotoni na kupuliza, mama ananigombeza.

Huu uliotuma unaning'iniza vishada. Ua hufunguka jeupe, kesho waridi, keshokutwa jekundu. Jani likidondoka linaacha kikonyo kinachokauka na kuwa mwiba. Umenichana mkono mara tatu. Nimeuona huohuo nje ya baa mbili na kituo cha mafuta.

Umeishi na mmea wa mama miaka thelathini. Nieleze.

Mwanao,
Devota


Kikuyu, Dodoma
5 Desemba 2024

Devota,

Marahaba. Barua yako ilinikuta mezani nikaacha chakula.

Unanifundisha mimea mimi. Wataalamu wa zabibu walikuja na magari yao kuniuliza, na wewe mchoma sindano unanihesabia petali. Morogoro kuna mvua na udongo mwekundu, Dodoma kukavu. Mmea ukihamishwa hubadilika, hata rangi. Zabibu ya shamba moja na ya shamba lingine hazifanani utamu, na ni mbegu moja.

Mama yako hakuwahi kusema na mimi kwa sauti hii. Ukiandika tena, andika kama mtoto.

Baba yako


Morogoro
15 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Utamu unabadilika, ndiyo. Ua halihami kutoka manjano kwenda jekundu kwa kupanda basi.

Jumatano nilimtuma Anitha wa shangazi apite kwako ukiwa kanisani. Amenipigia picha. Kwenye uzio wa jikoni hakuna mmea. Kuna kisiki kikavu, kimekatwa mshazari, juu kidogo ya kifundo cha pili. Mbuzi hakati mshazari. Mwizi hahesabu vifundo. Dodoma nzima namjua mtu mmoja anayekata hivyo.

Anitha anasema kisiki kimekauka siku nyingi, kwa hiyo ulipokuwa unaniandikia kuhusu samadi na kivuli ulikuwa tayari umeuua. Kuua ningekusamehe. Lakini uliniacha mwaka mzima nibebe ndoo.

Sitaandika tena mpaka unieleze ukweli.

Mwanao,
Devota


Kikuyu, Dodoma
9 Machi 2025

Mwanangu Devota,

Naamini unanisalimu hata kama hukuandika, kwa hiyo marahaba. Afya yangu si mbaya. Nimechelewa miezi mitatu. Sikuwa mgonjwa. Kila nikikaa kuandika nilikuwa naandika uongo mwingine.

Agosti 2023 nilikuwa napunguza mizabibu, kama kila mwaka. Unajua tunavyofanya: unaunyima maji, unaukata mpaka vifundo viwili, unaonekana umekufa, kisha unaumwagilia, unashtuka na kuzaa. Mmea wa mama yako ulikuwa majani matupu, maua machache. Nikasema umedekezwa. Nikaukata vilevile na nikazuia maji ya kufulia ambayo tangu enzi zake ulikuwa unamwagiwa. Ukachipua Septemba, dhaifu. Nikaona haujateseka vya kutosha, nikakata tena. Mwishoni mwa Oktoba nilifungulia maji. Haukuamka.

Kumbe unachanulia matawi ya zamani. Angeulizwa mtoto wa darasa la nne angejua kwamba kila mmea una desturi yake. Mimi sikuuliza.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa muuza miche barabarani. Nikamwambia unaopanda, una harufu jioni. Akasema, "Hii ndiyo yenyewe, mzee, hata wabunge wanaichukua." Niliona si yenyewe. Nilinunua nikijua. Nisingeweza kukwambia kwamba mtu wa Makutupora ameshindwa na mmea wa uani.

Januari nilikumbuka kwamba mama yako alimpa kipande Mwalimu Evarista, walipokuwa wanafundisha pamoja Buigiri. Nikaenda. Anao, umefunika banda zima la kuku. Nikamsalimu.

Akasema, "Shemeji Lameck. Umekuja na mkasi?"

Nikamwambia sina.

"Geuka nikuone mfukoni."

Nikageuka, na miaka yangu sabini na miwili. Nikamweleza nilichotaka, na kwamba wa mama yako nimeuua. Akaniuliza, "Devota anajua ulichofanya?" Nikasema anajua. "Anajua kwa sababu ulimwambia, au kwa sababu alikukamata?"

Nikageukia banda la kuku.

"Basi hupati hata jani. Marehemu Loisi alikuwa anabeba maji ya mmea huo na tumbo la miezi minane, wewe uko kwenye zabibu za watu. Mwambie binti yako ukweli, kisha aje mwenyewe. Wewe nikikupa utafika nao kituoni umeshaupunguza."

Mjukuu wake akacheka. Niliondoka bila kunywa chai, wala sikukaribishwa.

Nilirudi nimekasirika, nikasema mwanamke huyu ana mdomo. Nimekasirika wiki sita. Sasa nimeandika. Ndivyo ilivyokuwa, sikuongeza wala kupunguza. Nenda kwake. Nimekukosea, na nimemkosea mama yako.

Nimeandaa shimo jipya palepale kwenye uzio. Ukipita na vipande, niachie kimoja. Sitakigusa.

Baba yako


Morogoro
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma. Safari hii naamini kila neno, maana halikupendezeshi hata moja. Ahsante kwa hilo.

Jumamosi ya tarehe 29 Machi nilishuka Buigiri. Sikufika mjini kwako. Mwalimu Evarista alinionyesha kila kitu: majani mawili mawili, ganda linalobanduka, maua meupe na ya manjano kwenye tawi moja. Nilivunja shina kavu, nikapuliza. Alinikatia vipande saba, sita akavizungushia gazeti lililoloanishwa.

Akashika cha saba mkononi, akaniuliza, "Hiki cha Lameck?"

Nikamwambia hapana.

"Kakuandikia ukweli?"

"Kaandika."

"Kaomba?"

"Kaomba. Kachimba na shimo."

Akasema, "Mimi ningempa, mwanangu. Nimemtukana vya kutosha." Alisubiri. Basi langu lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikachukua cha saba nikaweka pamoja na vingine.

Vinne vimetoa mizizi. Viwili vimeoza. Hicho cha saba ndicho kimechipua kuliko vyote, nimekipanda ukutani mwangu na hapo kitakaa. Miche yako ya baa nimeing'oa.

Hasira yangu haijaisha. Nilidhani nikiusoma ukweli ingeisha, na ningekupa kipande. Haikuisha. Lile shimo lifukie, mtu asije akavunjika mguu.

Devota