Vifaranga Nisiowasikia

Alhamisi, Kitale. Asubuhi baridi, mchana vumbi. Watu wanachoma mabua shambani na moshi umeuficha Mlima Elgon wote. Nina hasira, na sijazoea kuwa na hasira, kwa hivyo sijui niiweke wapi.

Tulirudi kutoka Bungoma jana jioni. Tangu hapo sijasema neno na Baba, wala yeye hajasema na mimi.

Kwetu kunyamaza si jambo geni. Sisi ni familia ya mashine ya kusaga unga, na mashine ikinguruma watu huongea kwa mikono. Kiganja juu: mimina. Ngumi: ngoja. Mkono ukipitishwa shingoni: zima. Ishara hizi nilizijua kabla sijajua kusoma.

Lakini jana tulinyamaza mashine ikiwa imezimwa.

Naandika hapa kwa sababu hapa simwombi mtu arudie alichosema.

Nilipokuwa darasa la sita, Baba alianza kuniita nisimame kando ya mashine kila Jumamosi na likizo zote. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Mahindi yakiwa mabichi, mashine hukoroma kama mtu mwenye mafua. Mdomo wake ukiwa mtupu, hupiga kelele nyembamba. Mkanda ukianza kulegea, sauti hupanda na kushuka. Nilikuwa nikisikia kitu, nampa Baba ishara, na yeye anarekebisha kabla kitu hakijaharibika. Aliwaambia wateja, "Huyu ndiye sikio langu." Hata jina aliniita hivyo. Sikio, kuja hapa. Sikio, iko aje leo?

Kuna mama mmoja aliyekuwa akija na makopo yake mawili ya gorogoro yaliyojaa mahindi. Alikuwa akimtania: "Baba Naliaka, ati huyu ulimzaa ama ulimwandika kazi?" Baba alicheka mpaka unga ukadondoka kutoka kwenye nyusi zake.

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani sikuwahi kuinua mkono. Lakini pale kando ya mashine nilikuwa mtu. Nataka hilo lieleweke. Sikulazimishwa. Nilipenda.

Kidato cha pili mluzi ulianza. Mluzi mwembamba ndani ya kichwa, kama birika ambalo hakuna mtu wa kuliondoa jikoni. Kisha maneno yakaanza kupungua pembeni. Nasikia mtu anaongea, sisikii anasema nini. Walimu walidhani sijali. Nilinakili kwa jirani yangu na kumwambia sioni ubao vizuri, kwa sababu kutoona kulionekana jambo la heshima kuliko kutosikia.

Nilimwambia Baba. Akasema ni unga umeingia masikioni, utatoka.

Kuanzia hapo, kila Jumapili jioni alichemsha maji, akayapoza, akanilaza kichwa kwenye goti lake na kuniosha masikio taratibu kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano. Mikono yake ni migumu lakini kwa kazi hiyo ilikuwa laini. Alikuwa akiniuliza, "Inauma?" Nasema haiumi. Wiki yangu nzima niliipenda kwa sababu ya ile saa moja.

Nitarudi kwa hili.

Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne nilienda Chwele kwa Kukhu, mama yake Baba. Siku moja alinituma nikaangalie kuku aliyetotoa nyuma ya jikoni. Nikaenda, nikarudi, nikamwambia vifaranga wamelala, wametulia kabisa. Kukhu aliinuka akanishika mkono akanipeleka pale pale. Vifaranga wote walikuwa wamefungua midomo. Mmoja alikuwa amebanwa chini ya jiwe, karibu kabisa na mguu wangu.

"Wewe mtoto," Kukhu alisema, uso wake karibu na wangu, "hawa wanalia namna hii na wewe husikii?"

Sikusikia. Niliwaona tu. Midomo midogo ikifunguka na kufungika bila chochote.

Kukhu alimpigia Baba simu akamwambia nipimwe. Baba alisema nipumzike tu. Kukhu akakataa. Baba akasema basi twende Kitale. Kukhu akasema hapana, Bungoma ndiko karibu na yeye, na anataka kuwepo. Sikujiuliza kwa nini Baba alibishana sana juu ya mji.

Nikingoja siku ya kupimwa nilisoma kila kitu kwenye simu. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojikunja kama konokono, na humo kuna seli zenye vinywele vidogo mno. Sauti ikiingia vinywele vinatikisika, na hapo ndipo ubongo unapata habari. Kelele kubwa ya muda mrefu inaziua. Kuku akizipoteza, zinaota nyingine ndani ya wiki chache. Samaki pia. Sisi wanyama wa kunyonyesha hatuna bahati hiyo, ingawa panya wachanga wana kidogo, na wanasayansi wanajaribu.

Nilishikilia hilo neno, wanajaribu. Nililala nalo. Nilimtazama jogoo wa Kukhu, ambaye mwisho wake ni sufuria ya wageni, nikamwonea wivu.

Jana basi. Daktari wa masikio ni mama mmoja mpole wa miwani. Alinifunga vile vidude vya masikioni, akanipa kitufe, nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilibonyeza. Kisha kukawa na kimya kirefu sana, na nikaona mkono wake bado unafanya kazi. Hapo nilijua.

Alipomaliza aliwaita Baba na Kukhu ndani. Akamtazama Baba, akavua miwani.

"Mzee, si ni wewe wa mashine ya kusaga? Ulikuja hapa na masikio kama haya."

Baba aliangalia viatu vyake.

"Si nilikwambia asisimame mtu pale bila vizibo? Ukabishana na mimi. Ukasema fundi asiyesikia mashine yake atafunga biashara."

Nimejifunza kusoma midomo. Jana nilitamani nisingejifunza.

Niliikumbuka ile safari. Baba alienda Bungoma peke yake nikiwa ndio nimeingia darasa la sita. Alirudi na mkate na viatu vyangu vipya vyeusi. Wiki iliyofuata ndipo aliponiita mara ya kwanza: Sikio, kuja hapa.

Kukhu ndiye aliyeongea. Hakupaza sauti.

"Kwa hivyo masikio yako yaliisha, ukachukua ya mtoto."

 Mpaka sasa Baba hajamjibu.

Nilikuwa na swali langu moja, nikaliuliza. Niliuliza kuhusu kuku. Daktari alitabasamu kama mtu anayekupa pole. Akasema ni kweli. Kwa kuku, seli zinazoishi kando ya zile zilizokufa hujigeuza au hugawanyika na kuwa mpya. Na sisi tunazo hizo seli za kando, ila zetu hazifanyi hivyo. Watu wanatafuta namna ya kuziamsha na labda siku moja watapata. "Lakini usikae ukingoja, mama," akaniambia, akiongea polepole ili nione kila neno. "Tutakupa kifaa. Na hicho kilichobaki, kilinde. Usirudi kwa mashine."

Sasa narudi kwa yale maji ya Jumapili.

Alijua. Kila Jumapili aliyonilaza kwenye goti lake, alijua hakuna unga wa kutoa. Angeniambia tu nisisimame pale. Badala yake alichemsha maji.

Nimejaribu kumchukia tangu asubuhi. Nafika nusu, halafu namwona akiniuliza, "Inauma?" na sijui alikuwa akiuliza nini hasa. Labda lile goti lilikuwa toba yake. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa ananiita tena.

Leo aliwasha mashine kama kawaida. Nilimwona kupitia dirisha akigeuka kutazama pale ninaposimama. Palikuwa patupu. Akageuka tena kwa kazi yake.

Mchana nikiwa kitandani niliisikia. Sauti nzito bado naipata, inapita ukutani na kwenye sakafu mpaka miguuni. Ilianza kupanda na kushuka. Mkanda unalegea. Baba hakusikia. Nilikaa nimekalia mikono yangu.

Nilijua, na sikwenda.

Mkanda ukakatika. Kukawa kimya, halafu nikawaona wateja wanatoka nje wakijipangusa unga, na Baba nyuma yao ameshika kipande cha mkanda. Alitazama dirisha langu muda mrefu. Nadhani alielewa. Sikufurahi kama nilivyotegemea. Niliona tu jinsi ilivyo rahisi kujua kitu na kunyamaza, na hilo limenitisha kuliko mluzi.

Sitaki kuwa hivyo. Sitaki pia kurudi pale kando ya mashine, hata akiniita kwa jina gani.

Ataufunga mkanda mpya asubuhi. Nimeamua nitaenda kabla wateja hawajajaa, lakini nitasimama mlangoni, nje. Akiwasha nitapitisha mkono shingoni. Zima. Hiyo ishara hajawahi kunikatalia hata mara moja, kwa sababu kila mara nilipoitoa kulikuwa na kitu kinachoharibika.

Halafu, kukiwa kimya, nitamuuliza kwa sauti kubwa ili na yeye asikie. Kwa nini mimi?

Na akijibu, je, nitataka kusikia?