Kijiko cha Lonnie

Killeen, Texas
Machi 4, 1971

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Mtoto halali, nami nimebaki kutembea kama kivuli. Wade ameanza kucheka. Curtis mzima, yuko karakana ya kambi kutwa. Mguu wako unaendeleaje na baridi ya Tennessee?

Baba, umeniandikia nije karamu ya wastaafu wa jeshi, nikae mbele na mtoto ukimsifu Kanali Pruett. Pruett yuleyule aliyeamriwa awashushe vijana kilimani akakataa, mwanao Lonnie akafia huko Vietnam? Ukimsifu, Wade hutampakata. Nasema kwa heshima.

Mwanao, Verna

Clarksville, Machi 11

Binti yangu,

Mguu unauma, ila napumua. Ona sasa! Juzi tu uliolewa na fundi wa malori, leo wewe ni jenerali! Pruett alikishika kilima. Jenerali Patton aliwazaba makofi askari wagonjwa, lakini Bastogne alifika kuwaokoa waliozingirwa. Jenerali MacArthur alitushusha pwani ya Inchon, Korea, wakubwa wakitikisa vichwa. Kamanda hapimwi kwa kilio cha nyumba moja. Nitasema.

Baba

Killeen, Machi 17

Baba,

Pole na mguu. MacArthur huyohuyo alisema Wachina hawaji, wakaja, ukaacha vidole viwili vya mguu kwenye theluji ya Korea. Hilo mbona hulitaji?

Panga meza kama ulivyotufundisha Jumapili: chumvi kamanda, pilipili adui, vijiko vijana. Kijiko cha Lonnie, kile cha mpini uliopinda, kiweke kaskazini. Amri ya kuondoka imefika, helikopta zinangoja. Cheza. Na ukumbuke, wiki iliyofuata kilima kiliachwa kitupu.

Verna

Clarksville, Aprili 20

Binti yangu,

Hamjambo huko? Nilicheza. Chumvi ilishinda kila mara. Nikaanza kuondoa vijiko vilivyoanguka, lakini cha Lonnie nikashindwa kukigusa. Mpaka leo nakula nikikizunguka.

Karamuni waliponiita nilisema, “Kanali, kilima ulikishika. Ulimshikia nani?” Watu wakaacha kutafuna. Rafiki zangu hawanisalimii tena.

Mjukuu anahitaji nini?

Baba

Killeen, Aprili 27

Baba yangu,

Nimesoma barua yako nimempakata Wade, akailowesha mate. Curtis anakusalimu, anasema jenerali mmoja nyumbani anamtosha. Kuhusu Patton bado tutagombana.

Tunahitaji nepi za kitambaa, zile nzito. Blanketi la bluu la marehemu Mama. Matofaa ambayo shangazi Opal huyahifadhi kwenye chupa. Na kwa kuwa Wade anaanza uji, kile kijiko kilichopinda. Hicho usikitie posta. Kilete mwenyewe.

Mwanao, Verna